Je, Emacs iendelee kuja na etags yake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanaoandika programu Kigoma, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji na Kasulu, hasa wenye laptopu za mtumba za RAM ya GB 4 na bando la kuhesabu. Swali kuu linarudi kila mara: kihariri cha msimbo kama Emacs kina haja gani ya kubeba zana yake (etags) ya kutengeneza faharasa ya msimbo, wakati Universal Ctags ipo na inajua lugha nyingi zaidi, na seva za lugha (programu zinazochambua msimbo kwa kina na kukijibu kihariri) nazo zinajua mengi kuliko zote mbili? Msimamo wetu ni kwamba etags ibaki ndani ya Emacs, ila jina la ctags iliachie zana nyingine. Sababu ziko hapa chini, pamoja na amri zinazohitajika uwe upande wowote wa ubishi huu.

Faharasa ya msimbo ni kitu gani hasa?

Ni faili moja la maandishi linalosema jina fulani (fanksheni, klasi, makro) limetangazwa wapi. Tuseme una faili la kuhesabu mizigo ya dagaa inayopakiwa Kibirizi, linaitwa mzigo.py:

    BEI = 12000
    def jumla(magunia):
        return magunia * BEI

Ukiandika `etags mzigo.py` unapata faili linaloitwa TAGS, kwa herufi kubwa. Ndani yake kuna sehemu moja kwa kila faili la msimbo. Sehemu huanza na alama ya ukurasa mpya (baiti namba 12), kisha jina la faili na ukubwa wa sehemu hiyo. Halafu kila tangazo lina mstari wake. Mstari wa fanksheni yetu una maneno `def jumla(`, alama ya DEL (baiti namba 127), kisha `2,12`. Hiyo 2 ni namba ya mstari. Hiyo 12 ni idadi ya baiti zilizotangulia: mstari wa kwanza una herufi na nafasi 11, ongeza alama ya mwisho wa mstari.

Hakuna hifadhidata wala programu inayobaki inafanya kazi nyuma ya pazia. etags inasoma, inaandika, inaondoka.

Faili la mtindo wa Vim, kihariri kingine, huitwa tags, kwa herufi ndogo, na mpangilio wake ni mwingine: jina, tabo, faili, tabo, kisha amri ya kutafuta. Kwa mfano wetu Universal Ctags itaandika `jumla`, `mzigo.py`, `/^def jumla(magunia):$/;"` na herufi `f` ya fanksheni. Mistari yote hupangwa kialfabeti ili Vim itafute kwa kugawa faili nusu kwa nusu.

Nimeongeza mistari 200 juu ya fanksheni na bado M-. (Alt na nukta, ya kwenda kwenye tangazo) inanifikisha. Inawezekanaje?

Kwa sababu Emacs haiamini namba peke yake. Inakwenda kwenye baiti iliyoandikwa, kisha inatafuta yale maneno `def jumla(` mwanzoni mwa mstari, ndani ya herufi 1000 mbele na nyuma. Isipoyaona inazidisha eneo mara 3, yaani 3000, halafu 9000, mpaka faili liishe. Ndiyo maana faharasa ya juzi bado inakufaa leo, na huna haja ya kuitengeneza upya kila ukihifadhi.

Kinachoivunja ni kubadili mstari wenyewe. Ukiihamishia fanksheni ndani ya klasi, nafasi zinaongezeka mwanzoni mwa mstari na maneno hayalingani tena. Ukiibadilisha jina, hali ni hiyohiyo. Hapo Emacs itakuambia `Rerun etags`, na itataja maneno iliyoyakosa na faili ilimoyatafuta. Tii ujumbe huo, tengeneza faharasa upya. Fanksheni mpya kabisa haitaonekana kabla ya hapo, hilo ni wazi.

etags, ctags, Exuberant, Universal: ipi ni ipi?

Zote zinatokana na ukoo mmoja. ctags ya kwanza aliiandika Ken Arnold, ikatoka na Unix ya BSD mwishoni mwa miaka ya 1970. etags ya Emacs ilichipuka kutoka msimbo huohuo. Richard Stallman aliipa mpangilio wa faili la TAGS, na tangu 1993 Francesco Potortì ndiye aliyeitunza kwa miaka mingi.

Exuberant Ctags ni kazi ya Darren Hiebert. Toleo lake la mwisho, 5.8, lilitoka 2009, baada ya hapo kimya. Universal Ctags ilianzia pale Exuberant ilipoishia, na leo ndiyo inayoendelezwa; toleo 6.0 lilitoka Desemba 2022. Ukikuta maelezo ya kale yanayosema uweke `exuberant-ctags`, soma kama yanasema `universal-ctags`. Tofauti moja itakuchanganya: Universal haisomi tena faili la `~/.ctags`. Inasoma mafaili yanayoishia na `.ctags` ndani ya folda ya `~/.ctags.d`, au `.ctags.d` ndani ya mradi. Wengi huhama, wanaona swichi zao zote (chaguo za amri) zimepuuzwa, wanadhani programu ni mbovu.

Kuna kihariri kilichowahi kuondoa zana yake?

Kipo. Vim ilikuwa ikija na Exuberant Ctags ndani yake mpaka ilipotoka Vim 6.0 mwaka 2001. Sababu iliyotolewa ni kwamba ctags imekua na kuwa mradi unaojitegemea.

Wanaotaka etags iondolewe hupenda kuutaja mfano huu, na wana haki: zana iliyotolewa ilistawi, lugha zikaongezeka. Ila mfano una upande wa pili ambao hausemwi sana. Kuanzia 2009 mtumiaji wa Vim alibaki na zana isiyotolewa tena, na kwa muda mrefu alipaswa kutafuta mwenyewe nani ameichukua na toleo lipi ni la kuaminiwa. Mtu mwenye intaneti ya uhakika na muda wa kusoma haoni shida. Anayeanza, kwenye laptopu aliyowekewa Linux na mtu mwingine, anabonyeza Ctrl-] anapata `E433: No tags file`, na hajui hata kwamba kuna programu nyingine anayotakiwa kuiweka.

Hoja nzito za kuiondoa ni zipi?

Kubwa ni lugha. etags inajua takribani 30. Universal Ctags inajua zaidi ya 100. JavaScript haimo kwenye orodha ya etags, na huko ndiko kazi nyingi za vijana ziliko.

Ya pili ni mzigo wa matunzo. etags.c ni faili moja la C lenye zaidi ya mistari 7,000, lenye vichanganuzi vilivyoandikwa kwa mkono kwa kila lugha. Ukigusa kichanganuzi cha C ili ukubali sintaksia mpya, unatakiwa ulinganishe matokeo na mafaili ya mfano yaliyomo kwenye folda ya `test/manual/etags` ya msimbo wa Emacs, na mara nyingi uyarekebishe hayo pia. Watu wanaoielewa kazi hiyo ni wachache, na muda wao ungeweza kwenda kwingine.

Ya tatu ni usalama, ina swali lake hapa chini. Leseni haimo kwenye ugomvi: Universal Ctags ni GPL toleo la 2 au la baadaye, Emacs ni GPL toleo la 3 au la baadaye, zinakaa pamoja bila shida.

Kuna wanaosema iondolewe ili kuokoa nafasi ya diski. Hiyo si hoja. Programu yenyewe haifiki megabaiti moja.

Basi kwa nini ibaki?

Kwanza, kwa sababu ukishaweka Emacs, etags ipo. Hutafuti kifurushi cha pili wala kuuliza kama mashine ya jirani inayo. Unapofundisha watu kumi wenye Debian, Ubuntu na Windows tofauti tofauti, amri moja inayofanana kwa wote ina thamani ambayo orodha ya lugha 100 haiwezi kuifidia. Kigoma hapa, ambako kifurushi cha ziada ni bando la ziada, hilo si jambo dogo.

Pili, Emacs yenyewe inaitegemea. Msimbo wa Emacs una vigeu vinavyotangazwa kwa makro za DEFVAR, na Makefile yake hutumia swichi ya `--regex` ya etags kuviingiza kwenye faharasa. Miradi mingine ina skripti za namna hiyo zilizoandikwa miaka mingi iliyopita. Universal Ctags nayo ina rejeksi (kanuni za kutafuta maneno kwa muundo wake), lakini swichi zake huandikwa kwa namna nyingine, kwa hiyo huwezi kubadilisha jina la programu tu na kuendelea. Kila skripti itabidi ifunguliwe.

Tatu, tangu Emacs 30 kuna `etags-regen-mode`, inayotengeneza faharasa yenyewe na kuisasisha unapohifadhi faili. Kitu cha namna hiyo kikikuta zana haipo, hakina maana kwa anayeanza. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote mbili za juu: kihariri kinaweza kuahidi kwamba M-. itafanya kazi bila maandalizi yoyote pale tu kinapobeba mkononi kitu cha kuitimizia ahadi hiyo.

Kubaki si lazima kuwe kukua. Hatuoni sababu ya etags kukimbizana na Universal kuongeza kila lugha mpya. Ibaki ndogo, isomeke, irekebishwe inapovunjika.

Na jina la ctags, kwa nini liachwe?

Kwa miaka mingi Emacs ilikuwa ikiweka programu mbili: etags, na pacha wake aliyeitwa ctags, aliyetoa faili la mtindo wa Vim. Huyo pacha ndiye aliyekuwa tatizo, kwa sababu mafunzo karibu yote yanasema uandike hivi:

    ctags -R .

Kwa Universal na Exuberant, `-R` ni kuingia kwenye folda zote za ndani. Kwa ctags ya Emacs, `-R` ni kuzima rejeksi, na nukta ni folda ambayo haiwezi kuisoma. Inakujibu kwamba inairuka kwa kuwa si faili la kawaida (`it is not a regular file`), na unabaki na faharasa tupu. Amri ni ileile, matokeo mawili, kutegemea kifurushi kipi kilitangulia kwenye mashine.

Emacs 30, iliyotoka Februari 2025 kwa toleo 30.1, imeacha kuweka ctags na inawashauri watu watumie Universal Ctags. Anayeitaka ile ya zamani anaandika `etags --ctags`. Uamuzi sahihi, umechelewa tu.

Nitajuaje ctags yangu ni ipi?

    ctags --version

Ikisema `Universal Ctags` au `Exuberant Ctags`, umeipata. Ikisema `GNU Emacs` kwenye mstari wa kwanza, ni ile pacha. Ikilalamika kwamba haijui swichi hiyo (`illegal option`), ni ctags ya BSD, hiyo inakuja na Mac.

Kwenye Debian na Ubuntu zinaweza kukaa zote pamoja, na unachagua ya kutangulia kwa `sudo update-alternatives --config ctags`. Ukitaka kuona kiungo kinaishia wapi hasa: `readlink -f $(command -v ctags)`.

Natengenezaje faharasa kwa etags, hatua kwa hatua?

Ingia kwenye folda kuu ya mradi, kisha:

    find . -name '*.py' -o -name '*.php' | etags -

Kile kistari cha mwisho kinaiambia etags isome majina ya mafaili kutoka kwa amri iliyotangulia, jina moja kwa kila mstari, kwa hiyo hata mafaili yenye nafasi kwenye jina hayaharibiki. Kama mradi uko ndani ya git, hii ni safi zaidi kwa sababu inaacha takataka zote:

    git ls-files '*.py' '*.php' | etags -

Usitumie `xargs etags`. Mafaili yakiwa mengi, xargs huita etags mara kadhaa, na kila mara TAGS inaandikwa upya juu ya iliyotangulia. Unabaki na kundi la mwisho tu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ukijaribu kuliponya hilo kwa swichi ya `-a` ya kuongezea, utakapoirudia amri kesho kila jina litakuwa mara mbili.

Ndani ya Emacs weka kishale juu ya jina, bonyeza `M-.`. Mara ya kwanza itakuuliza faili la TAGS liko wapi, lionyeshe. Kurudi ulikotoka ni `M-,`. Ukihamia mradi wa pili itakuuliza kama uendelee na orodha ya zamani pia. Jibu hapana, la sivyo `jumla` ya mradi wa dagaa na `jumla` ya mradi wa shule zitakuja pamoja. Ukishazichanganya, `M-x tags-reset-tags-tables` inafuta orodha uanze upya.

Kwa Prolog kuwa mwangalifu: faili la `.pl` huchukuliwa kuwa Perl. Andika `etags --language=prolog` kabla ya majina ya mafaili, kwa sababu swichi hiyo inahusu yanayoifuata tu.

Na andika TAGS kwenye `.gitignore`. Hakuna anayetaka kuona faharasa yako kwenye historia ya mradi.

M-. haisomi kabisa TAGS niliyotengeneza. Kwa nini?

Kuna kitu kingine kimeitangulia. Eglot (sehemu ya Emacs inayozungumza na seva ya lugha) ikiwa imewashwa kwenye faili hilo, M-. inaiuliza seva ya lugha kwanza. Kwenye mafaili ya Emacs Lisp pia, Emacs hutumia maarifa yake yenyewe. etags ni ya mwisho kwenye foleni.

Mimi naandika JavaScript na TypeScript. etags inanisaidia?

Kidogo mno. Faili isiyoitambua, etags huijaribu kwa kanuni za Fortran, isipopata kitu inajaribu za C. `function jumla(x) {` inaweza kuokotwa kwa bahati kwa sababu inafanana na tangazo la C. `const jumla = (x) => ...` haionekani. Usipoteze muda, tumia Universal Ctags na uiambie itoe mpangilio wa Emacs kwa swichi ya `-e`:

    ctags -e -R --languages=JavaScript,TypeScript --exclude=node_modules --exclude=dist --exclude='*.min.js' .

Ukisahau `node_modules` utapata faharasa kubwa kuliko mradi wenyewe, na kila M-. itakuletea orodha ndefu ya majina usiyoyajua. Mafaili ya `.min.js` ni mabaya kwa namna yake: mstari mmoja mrefu wenye majina ya herufi moja moja.

Nitaiwekaje Universal Ctags kwenye mashine isiyo na intaneti?

Tafuta mashine yenye intaneti na mfumo uleule, toleo lilelile. Linganisha pia `dpkg --print-architecture` kwenye zote mbili, kwani laptopu za zamani nyingine ni i386. Kisha:

    sudo apt-get install --download-only universal-ctags

Mafaili ya .deb yatakaa `/var/cache/apt/archives`. Yanakili kwenye flashi, nenda kwenye mashine nyingine, ingia kwenye folda ya flashi na uandike `sudo dpkg -i *.deb`. Hakikisha folda hiyo haina .deb nyingine usizozitaka.

Kinachokwama hapa ni maktaba za kutegemewa, hasa libjansson, libyaml na libxml2. apt inapakua zile tu ambazo mashine ya kwanza haina. Kama ya kwanza tayari ilikuwa na libjansson, haitakuwemo kwenye flashi, na dpkg ya pili itakataa ikitaja jina la inachokosa. Soma jina hilo, rudi ukalichukue kwa `apt-get download` ukiandika jina la kifurushi hicho. Kwa sababu hii, mashine ya kupakulia iwe na mfumo mtupu kadiri inavyowezekana.

Hiyo safari ya flashi ndiyo gharama ambayo wanaosema "weka tu Universal" huwa hawaihesabu.

Nimempa mwenzangu wa Kibondo folda ya mradi kwa flashi na faharasa haifanyi kazi kwake.

Angalia mambo mawili.

La kwanza, njia za mafaili. Ukiipa etags majina ya njia fupi kama `./mzigo.py`, TAGS inaandika njia kuanzia ilipo TAGS yenyewe, na folda nzima inaweza kuhamishwa popote. Ukiipa njia kamili kama `/home/neema/kazi/mzigo.py`, inaandika hivyohivyo, na kwa mwenzako njia hiyo haipo. Dawa ni kuingia kwanza kwenye folda ya mradi na kutumia `find .`, usitumie `find /home/...`.

La pili, flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, ambazo hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ukiwa na TAGS ya Emacs na tags ya Vim kwenye folda moja, ukinakili kwenda kwenye flashi moja inafunika nyingine. Windows na Mac kwa kawaida ni hivyohivyo. Wanaotumia vihariri vyote viwili waipe moja jina lingine, kwa mfano `ctags -f .tags -R .`, kisha kwenye Vim waweke `set tags=./.tags;`.

Seva za lugha si zimeshamaliza mjadala?

Zimebadilisha mjadala. Microsoft ilichapisha mwaka 2016 itifaki ya LSP, inayounganisha kihariri na seva ya lugha. Neovim ikaileta ndani yake kwa toleo 0.5 mwaka 2021, Emacs ikaleta Eglot kwa toleo 29 mwaka 2023. Seva ya lugha inaelewa aina za data, inajua `jumla` hii ni ya klasi ipi, inaonyesha makosa kabla hujaendesha programu. etags haiwezi lolote kati ya hayo na haitaweza.

Lakini angalia bei. Pyright, seva ya Python, inahitaji Node.js. gopls, ya Go, inahitaji Go. clangd, ya C na C++, inataka faili la `compile_commands.json`, bila hilo inakisia na kujaza skrini mistari myekundu. Na seva inabaki hai muda wote kihariri kikiwa wazi; kwenye mradi mkubwa wa C++ inakula mamia ya megabaiti za RAM, au zaidi. Kwenye GB 4 ambazo kivinjari kimeshachukua nusu, mashine inaanza kusaga diski. Kuwasha seva ya lugha kwa ajili ya skripti tatu ni kununua gunia wakati shida yako ni kisado.

Kuna pia msimbo ambao haujakamilika au hauwezi kujengwa kwenye mashine yako, mfano mradi wa zamani uliopewa bila maktaba zake. Seva inachanganyikiwa. etags haijali, inasoma mistari tu. Mwenye RAM ya GB 16 na mradi mmoja mkubwa atumie seva, bila kusita.

Ni kweli etags ilikuwa na tundu la usalama?

Kweli, mara mbili. CVE-2022-45939 (CVE ni namba ya tundu la usalama lililosajiliwa) iliihusu ctags ya Emacs mpaka toleo 28.2: programu ilikuwa inaunda amri ya sheli kwa kutumia jina la faili bila kulikinga, kwa hiyo faili lenye jina lililotungwa kwa hila, lenye alama kama `;` au `$`, liliweza kuendesha amri ya mshambuliaji. CVE-2022-48337 ni tatizo la aina hiyohiyo upande wa etags kwa swichi ya `-u`. Zote mbili zilizibwa.

Debian huweka kiraka kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kuu, kwa hiyo kuona 28.2 peke yake hakuthibitishi kwamba uko hatarini; sasisha kifurushi cha `emacs-bin-common` na utakuwa salama. Zaidi ya hapo, acha kabisa `-u`. Kufuta TAGS na kuitengeneza upya huchukua sekunde chache kwa mradi wa kawaida, na ni haraka kuliko kusasisha kipande. Usitengeneze faharasa ndani ya folda uliyoitoa kwenye flashi ya mtu usiyemjua kabla ya kuangalia majina ya mafaili kwa `ls`.

Je, hii ni sababu ya kuiondoa? Universal Ctags nayo ni programu ya C inayosoma mafaili ya watu wengine. Kuhamisha hatari sehemu nyingine si kuiondoa.

Natumia Vim. Makosa haya yana maana gani?

`E433` ni kwamba Vim haikuona faili la tags. Weka `set tags=./tags;,tags`; ile nukta-mkato inaiambia ipande folda za juu mpaka ilione. `E426` ni kwamba faili lipo lakini jina halimo. `E434` ni kwamba jina limo, mstari wa msimbo umebadilika. `E432` inasema faili halijapangwa kialfabeti, karibu kila mara ni kwa sababu mtu amelihariri kwa mkono au ameunganisha mawili kwa `cat`. Kwa yote manne, endesha `ctags -R .` upya, mradi ctags yako ni Universal.

Nataka kuona wanaoita fanksheni, mbali na ilipotangazwa.

Faharasa ya etags haina taarifa hiyo. `M-?` ya Emacs hutafuta maneno ndani ya mafaili, inatosha kwa miradi midogo. Kwa C kubwa jaribu cscope au GNU Global.

Nina Emacs 30. Bado niandike amri hizi?

Si lazima. `M-x etags-regen-mode`, kisha M-. ndani ya mradi wowote. Faharasa inakaa kwenye faili la muda, haichafui folda yako. Ili iwashwe kila mara ongeza `(etags-regen-mode 1)` kwenye init.el.

Kama unayo Universal Ctags tu, mpangilio wa `etags-regen-program` unakubali `"ctags -e"`, japo si kila kitu kitafanya kazi kwa njia hiyo. Folda za kupuuzwa zinaandikwa kwenye `etags-regen-ignores`, na viishio vya mafaili unayotaka yasomwe viko `etags-regen-file-extensions`. Mradi ukiwa mkubwa sana, M-. ya kwanza itachelewa kwa sababu inasoma mafaili yote. Zinazofuata zinakwenda haraka.

Debian 13 inakuja na Emacs 30.1. Ubuntu 24.04 ina 29.3, kwa hiyo walio huko waendelee na `git ls-files | etags -` kwa sasa.